Sherehe Nyuma ya Kitabu: Mwalimu Kama Mshereheshaji wa Maneno

Katika mwaka wetu wa tatu wa ukufunzi, mwanachuo mmoja alituletea diwani ya mashairi aliyoiazima maktabani. Aliifungua kurasa za mwisho, akatuonyesha kichwa cha habari kilichopigwa kwa herufi kubwa: SHEREHE. "Mkufunzi," alisema, "nimesoma kitabu chote nikitazamia karamu mwishoni. Nimekuta orodha ya maneno tu." Wenzake walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Tulimjibu kwa haraka kwamba sherehe katika vitabu vya mashairi ni sawa na faharasa, yaani orodha ya maneno magumu pamoja na maana zake. Kisha tukaendelea na somo letu la siku hiyo.

Jibu hilo halikuwa la uongo, lakini lilikuwa jibu la mtu anayetaka kuondokana na swali. Katika makala haya tungependa kulirudia swali la mwanachuo yule, kwa sababu mbili. Kwanza, neno lenyewe lina historia inayomfaa kila mwalimu wa shule ya msingi. Pili, muda mfupi baadaye tulifanya kosa kubwa katika kazi hiyo hiyo ya kueleza maneno, na kosa hilo lilimwumiza mtoto ambaye hakustahili kuumizwa. Yafaa wanachuo walijue kosa hilo kabla hawajatoka kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha.

Tuanze na asili ya neno. Waarabu wanacho kitenzi sharaha, ambacho maana yake ya msingi ni kufungua, kupasua au kutandaza. Kutokana na mzizi huo wamepata neno la kipande chembamba cha nyama iliyochanwa, na neno tashrih, yaani elimu ya kupasua mwili ili kuvijua viungo vyake. Kutokana na mzizi huo huo wamepata neno sharh, yaani maelezo yanayofungua maana ya maandishi. Tena mzizi huo hutumika kwa kifua kinachokunjuliwa kikapata raha. Sura ya 94 ya Kurani hujulikana kwa jina la Sharh kwa kuwa inataja kifua kilichokunjuliwa. Sisi Waswahili nasi husema moyo umekunjuka, au fulani amekunjua uso. Basi msomaji aone kwamba sherehe ya ngoma na pilau, na sherehe ya maneno nyuma ya kitabu, ni ndugu wa tumbo moja. Katika ile ya kwanza nyoyo hufunguka, na katika ya pili maana hufunguka.

Zamani mafundisho ya madrasa, katika nchi za Kiarabu na katika miji ya pwani yetu, yalitegemea sana aina hii ya maandishi. Mwanafunzi alianza na matini fupi, aghalabu iliyobanwa sana ili ihifadhiwe kwa moyo. Kitabu cha sarufi cha Ibn Ajurrum, mwanachuoni wa Moroko aliyefariki mwaka 1323, ni mfano mmoja maarufu. Matini ya namna hiyo haieleweki kwa urahisi ikisomwa peke yake. Kwa hiyo wanavyuoni wa baadaye waliandika sharh, na wengine wakaandika maelezo juu ya maelezo, yakajaa kwenye pambizo za ukurasa kuizunguka matini. Neno letu matini limetoka huko, na sherehe ya washairi imetoka huko. Mtu aliyeweka kichwa cha SHEREHE mwishoni mwa diwani alikuwa akifuata desturi kongwe.

Je, mwenye kuandika sherehe aitwe nani? Kwa kanuni ya kawaida ya Kiswahili, mwenye kusherehesha ni mshereheshaji. Leo neno hilo limechukuliwa na watu wa arusini. Mshereheshaji ni yule anayeshika kipaza sauti, akiwatambulisha wageni na kuwaambia ni nani anayefuata kuzungumza. Hatuoni ubaya wowote. Kwa hakika kazi hizo mbili zinafanana. Mshereheshaji mwema wa arusini humtambulisha mgeni kwa maneno machache, kisha hukaa pembeni mgeni asikilizwe. Mshereheshaji mbaya huongea yeye mwenyewe hadi watu wakasahau kwamba kuna bwana na bibi arusi. Vivyo hivyo mwalimu anayetoa maana ya neno: amtambulishe mgeni, kisha akae pembeni mtoto asome.

Waingereza nao wanalo neno lao la nadra kwa mtu wa kazi hii, ambalo kwa matamshi yetu ni glosografa. Neno hilo limejengwa kwa Kiyunani. Sehemu yake ya pili ni ya kuandika. Sehemu ya kwanza, glosa, maana yake ni ulimi. Wayunani wa kale walipokutana na neno la kigeni, au neno la kizamani katika tenzi za Homer ambalo watu hawakulitumia tena, waliliita ulimi, yaani neno la ulimi mwingine. Hatimaye jina likahama kutoka kwenye neno gumu likaenda kwenye maelezo ya neno hilo. Philitas wa kisiwa cha Kos, aliyeishi kiasi cha miaka 300 kabla ya Kristo, alikusanya maneno ya namna hiyo katika kitabu. Watu kama yeye ndio walioitwa waandishi wa glosa.

Huko Uingereza, mwaka 1604, Robert Cawdrey, aliyekuwa mchungaji na aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, alichapisha orodha ya maneno magumu yapatayo 2,500. Orodha hiyo huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Mwaka 1656 mwanasheria Thomas Blount alitoa kitabu alichokiita Glossographia, chenye maneno yapatayo 11,000. Alieleza kwamba alianza kazi hiyo kwa sababu yeye mwenyewe, pamoja na elimu yake, alikuwa akikwama anaposoma vitabu vya lugha yake. Tunawaomba wanachuo waliweke jambo hilo moyoni. Mtu anayefaa kueleza maneno ni yule anayekumbuka vizuri jinsi alivyokwama.

Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1658, Edward Phillips alitoa kamusi iliyonakili kazi ya Blount pasipo kumshukuru, akanakili hata makosa yake. Mwaka 1673 Blount alimjibu kwa kijitabu kizima cha kuonyesha makosa hayo. Hapa pana fundisho la pili: kosa lililokwisha kuandikwa katika orodha ya maneno hupewa heshima kuliko kosa la mdomo. Hunakiliwa ubaoni, likatoka ubaoni likaingia daftarini, na kutoka daftarini likaingia kichwani.

Sasa tufikie kosa letu sisi.

Mwaka ule ule wa swali la diwani, tulikusanya masimulizi mafupi ya kutumiwa na wanachuo katika shule ya mazoezi, ambayo iko karibu na bahari. Sisi ni watu wa bara. Tulikulia mahali ambapo maji mengi tuliyoyajua ni ya mto wakati wa masika. Mwishoni mwa kijitabu tuliweka sherehe ya maneno tuliyoyaona kuwa magumu. Katika simulizi moja palikuwa na habari ya akina mama wa kijiji cha pwani ambao hawakushuka mwambani kuchokoa pweza, kwa kuwa siku hizo zilikuwa za maji mafu. Neno maji tulilijua. Neno mafu tulilijua. Tuliyaunganisha, tukaandika: "maji mafu: maji yaliyooza, yasiyofaa kutumiwa." Hatukumwuliza mtu yeyote.

Siku ya kumkagua mwanachuo mmoja katika darasa la tano, tulikaa nyuma ya darasa na karatasi yetu ya tathmini. Alikuwa na andalio zuri la somo na ubao safi. Alipofika kwenye maneno magumu, aliandika maana kama ilivyokuwa kijitabuni. Mtoto mmoja wa kike aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono.

"Mwalimu, maji mafu si maji mabovu."

"Ni maji gani, basi?" mwanachuo aliuliza.

"Ni yale ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Mwamba hautoki. Bibi haendi."

Mwanachuo yule alitutazama, kisha akamgeukia mtoto, akamwomba aeleze tena kwa sauti ili wenzake wasikie. Akaiandika maana ya mtoto ubaoni kando ya ile yetu. Akawauliza wanafunzi ni ipi inayoelekeana na habari waliyoisoma. Leo tunaweza kusema kwamba hayo yalikuwa mafundisho bora kuliko yote tuliyoyaona muhula ule. Siku ile hatukuona hivyo. Katika karatasi tuliandika kwamba mwanachuo hana hakika na somo lake, ameacha maana iliyo sahihi akafuata maneno ya mwanafunzi, na tukampunguzia alama. Kisha, kabla ya kengele, tulisimama tukawaambia wanafunzi wafuate maana iliyo kitabuni. Mtoto yule aliketi. Alikitazama kitabu chake, hakututazama tena.

Ilipita kama wiki mbili. Jioni moja tulikwenda pwani kununua kitoweo. Meza zilikuwa na samaki wachache, na tulipouliza pweza, mzee aliyekuwa akiuza alitujibu, "Leo hakuna, mwalimu. Maji mafu haya." Alisema kama mtu asemavyo kwamba leo ni Jumatano.

Tulirudi nyumbani tukafungua kamusi. Jibu lilikuwamo. Kamusi ilikuwa rafuni mwetu siku zote, na sisi hatukuwa tumeifungua kwa sababu tulidhani tunajua. Jambo moja lilitutia aibu zaidi. Neno kamusi lenyewe lilianza kwa maana ya bahari. Waarabu walilipata kutoka neno la Kiyunani la bahari kuu, na mwanachuoni Firuzabadi, aliyefariki Zabid nchini Yemeni mwanzoni mwa karne ya 15, aliipa kamusi yake jina la bahari izungukayo. Kitabu hicho kilipata sifa kubwa hata kila kitabu cha namna hiyo kikaitwa kwa jina hilo. Nasi tulikuwa tumekosea neno la bahari, mbele ya mtoto wa bahari, pasipo kutazama bahari wala kamusi.

Siku iliyofuata tulikwenda na mwalimu wa darasa nyumbani kwa mtoto. Bibi yake alikuwa uani akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mtoto amekosa nini?"

Tulimwambia kwamba mtoto hakukosa. Tuliokosa ni sisi. Aliposikia habari yote alicheka kidogo, akatuelezea polepole, kama mtu anayefundisha darasa la kwanza. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na hupwa sana. Hayo ni maji ya bamvua, na hapo mwamba hutoka, nao hushuka kuchokoa pweza. Kiasi cha siku saba baada ya hapo bahari hulegea: hujaa kidogo, hupwa kidogo. Hayo ndiyo maji mafu. Maarifa ya sayansi yanaafikiana naye. Bamvua hutokea wakati jua na mwezi vinapovuta maji katika mstari mmoja, na maji mafu hutokea vinapovuta kwa pembe mraba, mvuto wa kimoja ukipunguza ule wa kingine. Bibi hakuhitaji pembe mraba. Alihitaji kujua ni siku gani atapata kitoweo.

Tulikwenda darasani tukasema mbele ya wanafunzi wote kwamba maana iliyokuwa kijitabuni ni ya makosa na ya mwenzao ndiyo sahihi. Tulimwandikia mkuu wa chuo kumweleza habari ya alama za mwanachuo, nazo zikarekebishwa. Hayo mawili yalikuwa rahisi. La tatu halikuwa katika uwezo wetu. Mwalimu wa darasa alitueleza kwamba muhula ule wote mtoto yule aliandika kazi zake vizuri, lakini hakuinua mkono tena.

Kutokana na mambo hayo tunapenda kuwapa wanachuo mashauri machache kuhusu kuandaa sherehe ya maneno, iwe mwishoni mwa kitabu au pembeni mwa ubao.

Kwanza, chagueni maneno machache. Neno ambalo mtoto anaweza kulikisia kutokana na sentensi mwachieni alikisie, kwa maana kukisia ni sehemu ya kusoma. Elezeni lile ambalo pasipo kulijua habari yote hupinduka. Maji mafu lilikuwa neno la namna hiyo. Kwa maana yetu ya makosa, wanafunzi walijifunza kwamba akina mama waliogopa uchafu, kumbe walikuwa wakiisoma kalenda ya mwezi.

Pili, elezeni kwa maneno mepesi kuliko neno lenyewe. Mwalimu akisema mwamba ni jabali, na kesho yake akasema jabali ni mwamba, amemzungusha mtoto mlangoni hakumwingiza ndani. Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri wa Uingereza, katika kamusi yake ya mwaka 1755 alieleza neno la kawaida la wavu kwa maneno mazito kiasi kwamba watu wanamcheka hadi leo. Ikiwezekana, toeni kielelezo: kitu chenyewe, picha, au kitendo.

Tatu, toeni maana inayofaa mahali pale. Mtoto anayesoma kwamba nahodha alitweka tanga hasaidiwi kwa kuelezwa habari za matanga ya msiba. Mkitaka kutaja maana nyingine, itajeni baada ya ile inayohitajiwa.

Nne, msivunje neno la mafungu mkadhani vipande vyake ndiyo maana yake. Mtu aitwaye mkono wa birika ni bahili, na hana birika lolote mkononi. Kosa letu la maji mafu lilitokea hapo hasa. Vivyo hivyo jihadharini na asili ya maneno. Asili hutuonyesha njia ambayo neno limepita, nayo inapendeza kuijua. Lakini maana ni mahali neno lilipofika. Ijapokuwa kamusi ilianza kwa maana ya bahari, hakuna mvuvi atakayetupa nyavu zake ndani yake.

Tano, waulizeni wenye kazi. Maneno ya bahari yako kwa wavuvi, ya ufinyanzi kwa wafinyanzi, ya mifugo kwa wafugaji. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, na kamusi zilizoifuata, ni msaada mkubwa. Lakini wanaozitunga nao huanza kwa kuwasikiliza wasemaji.

Sita, mkikosea, semeni. Johnson huyo huyo alikosea kuhusu kiungo kimoja cha mguu wa farasi, na alipoulizwa na bibi mmoja sababu yake, alikiri kwamba ni ujinga wake tu. Heshima yake haikupungua.

Tangu wakati ule tumekuwa tukitumia zoezi moja ambalo lingefaa darasa la nne na kuendelea. Wanafunzi huchora safu nne daftarini. Safu ya kwanza ni ya neno. Ya pili, "tunavyodhani". Ya tatu, "tulivyoambiwa". Ya nne, sentensi ya mwanafunzi mwenyewe. Siku ya kwanza hujaza safu mbili za mwanzo darasani, bila mwalimu kumsahihisha mtu. Jioni kila mmoja hupeleka neno moja nyumbani, akamwuliza mzazi, bibi, babu au jirani. Siku ya pili huleta majibu, darasa zima likayalinganisha pamoja na kamusi, kisha wakaandika sentensi. Mwalimu naye huchora safu zake ubaoni na kujaza "tunavyodhani" mbele ya wanafunzi. Zana zinazohitajika ni daftari na chaki. Sharti lake ni gumu kidogo: mwalimu akubali kuonekana amekosea katika safu ya pili.

Kijitabu kile bado kipo chuoni. Tulipokichapisha upya tulisahihisha neno lile, nasi tukaacha katika kila ukurasa wa sherehe nafasi tupu upande wa kulia, ili msomaji aandike anachokijua yeye. Nakala moja ilirudi kutoka shule ya mazoezi mwaka uliofuata. Mbele ya maji mafu, kwa penseli, mtu alikuwa ameongeza: "na pweza huwa ghali." Hatukuuliza ni mwandiko wa nani. Tuliiongeza katika toleo lililofuata.